Kuongoza polisi wa chuo kikuu Marekani: mkuu mpya aanzie wapi?

KapteniMtarajiwa

Wakuu, habari za kazi. Mwezi ujao nakabidhiwa idara ya polisi ya chuo kikuu cha umma huku Marekani, nikitokea polisi wa mji. Wanafunzi ni kama 14,000, robo yao wanalala mabweni ya chuo. Askari walioapishwa ni 21, wapokea simu wa chumba cha redio 5, na kuna walinzi wachache wa majengo wasio na silaha. Uhalifu naufahamu, ila chuo chenyewe bado ni kigeni kwangu.

Maswali yangu ni matatu. Sheria ya Clery, ile ya vyuo kuripoti uhalifu wa kampasi, inatajwa kila kikao kama jini. Ni wapi hasa watu wanakwama? Pili, makamu wa rais wa chuo anayeshika fedha anasema askari 21 ni wengi, masajenti wanasema hawatoshi, na kila upande unaapa. Tatu, maandamano: nani anaamua nini? Nipeni hatua na namba, nadharia ninazo tele.

DaftariLaMatukio

Karibu mkuu. Nianze na Clery.

Sheria ilipitishwa 1990, baada ya Jeanne Clery, mwanafunzi wa Lehigh University, kuuawa bwenini mwaka 1986. Inakibana kila chuo ambacho wanafunzi wake wanasomeshwa kwa fedha za serikali kuu, na inadai mambo mengi, lakini yanayokuangukia wewe moja kwa moja ni ripoti ya mwaka (mwisho 1 Oktoba, ikiwa na takwimu za miaka mitatu), daftari la uhalifu la kila siku, na tahadhari kwa jamii ya chuo. Adhabu si mchezo: Michigan State walitozwa dola milioni 4.5 mwaka 2019, Liberty University dola milioni 14 mwaka 2024.

Daftari ni jepesi, na ndiyo maana linapuuzwa. Tukio liingie ndani ya siku mbili za kazi tangu kuripotiwa. Siku 60 za karibuni ziwe wazi saa za kazi kwa yeyote anayeomba kuona, hata kama si mwanafunzi, na asiulizwe anataka za nini. Kumbukumbu za zamani zaidi anapewa ndani ya siku mbili za kazi. Linakokwama ni pale karani mmoja tu anapojua kuliandika. Akienda likizo, daftari linalala. Fundisha wengine wawili, na kila Jumatatu sajenti mmoja alinganishe daftari na orodha ya simu zilizopokelewa wiki iliyopita.

Takwimu ndizo zenye mitego. Unaletewa kesi mbili za kompyuta mpakato zilizoibwa. Ya kwanza iliachwa juu ya meza ya maktaba, mwenyewe akaenda msalani. Huo ni wizi wa kawaida, hauhesabiwi kwenye Clery isipokuwa umefanywa kwa chuki. Ya pili ilichukuliwa chumbani bwenini, mlango ulikuwa umeegeshwa tu, haukufungwa. Hiyo inahesabiwa pamoja na uvunjaji, kwa sababu mwizi aliingia pasipo haki mahali palipojengwa kwa nia ya kuiba, na hakuna sharti la kufuli kuvunjwa. Askari wengi waliotoka mjini huandika zote mbili "wizi" na kuendelea na zamu. Kwa hiyo usiamini kichwa cha ripoti, soma maelezo. Mtu mmoja apewe kazi ya kusoma maelezo ya kila ripoti ya wizi iliyotokea ndani ya jengo.

Mtego wa pili ni mwaka. Tukio linahesabiwa katika mwaka liliporipotiwa, si lilipotokea. Mwanafunzi akisema leo kwamba alibakwa miaka miwili iliyopita kwenye bweni la chuo, hiyo ni takwimu ya mwaka huu. Wa tatu ni ramani. Kuna eneo la kampasi, mabweni kama sehemu yake, majengo ya chuo yaliyo mbali, na njia za umma zinazopita ndani au kupakana na kampasi. Kila mkataba mpya wa pango unaweza kuibadilisha. Ofisi ya majengo isipokuletea orodha ya mikataba kila Januari, utaripoti kampasi ya miaka mitano iliyopita.

Halafu kuna watu ambao kisheria wanapaswa kuwasilisha taarifa za uhalifu wanazopewa, nao wengi hawajui kwamba ni wao: makocha, wasimamizi wa mabweni, ofisi ya mkuu wa wanafunzi, walezi wa vyama vya wanafunzi. Washauri nasaha wenye taaluma na viongozi wa dini wameachwa nje wanapokuwa kwenye kazi hiyo. Orodha ihuishwe kila muhula. Fomu yao iwe fupi: nini, wapi, lini, liliripotiwa lini. Jina la mwathirika si lazima, na mkilidai mtaziba midomo ya watu.

Na usimruhusu mtu yeyote afute tukio kwenye takwimu eti "halikuthibitika". Ni askari aliyeapishwa pekee anayeweza kutamka kwamba taarifa haikuwa na msingi, tena baada ya upelelezi kamili ulioonyesha hivyo. Mlalamikaji kukataa kuendelea na kesi hakuifanyi taarifa yake kuwa ya uongo.

Jambo jipya: sheria iliyosainiwa Desemba 2024 imeingiza kwenye takwimu za Clery mateso wanayofanyiwa wanaojiunga na vyama na timu (hazing). Yanahesabiwa kuanzia 2025, yanaonekana kwenye ripoti ya 2026. Hapo ofisi ya wanafunzi ina taarifa nyingi kuliko polisi, hivyo panga mapema nani anamletea nani.

ZamuYaUsiku

DaftariLaMatukio kamaliza upande wake. Mimi nichukue hesabu ya watu, maana hapo wote wawili wana haki.

Nafasi moja ya kazi isiyokaa wazi hata saa moja ina saa 8,760 kwa mwaka. Askari kwenye karatasi ana saa 2,080. Toa likizo 120, sikukuu 80, ugonjwa 60, mafunzo 80, mahakama na mengineyo 40. Zinabaki 1,700. Gawanya: 8,760 kwa 1,700 ni 5.15. Yaani ili kiti kimoja kikaliwe usiku na mchana unahitaji watu watano na kitu. Weka namba halisi za idara yako, usitumie zangu, kisha mpelekee makamu wa rais karatasi hiyo kabla ya kusema neno lolote kuhusu hatari.

Sasa tazama idara yako. Wapokea simu 5 kwa kiti kimoja: umeshapungukiwa kabla hata mtu hajaugua. Pengo hilo linazibwa na askari wa doria anayeitwa ndani kukaa kwenye redio, au kwa malipo ya saa za ziada. Angalia hati za mishahara, utaona lipi kati ya hayo.

Kati ya askari 21, toa wewe, msaidizi wako, wapelelezi wawili na mmoja wa mafunzo na uhusiano na jamii. Wamebaki 16. Tuseme masajenti ni 4: hawafiki 5.15, kwa hiyo kuna zamu zisizo na sajenti, na hizo ndizo zamu ambazo askari kijana anaamua peke yake. Wa doria ni 12, sawa na nafasi 2.3. Barabarani muda wote wapo wawili. Wakikamata mlevi mmoja mwenye fujo Ijumaa usiku, mmoja anampeleka jela ya kaunti na kupanga foleni ya kumkabidhi, kampasi inabaki na askari mmoja. Makamu wa rais anaona 21 kwa sababu anafika saa mbili asubuhi, saa ambazo wapelelezi, utawala na zamu ya mchana wote wako jengoni.

Kabla ya kuomba nafasi mpya, panga upya zilizopo. Chota simu za mwaka mzima, zipange kwa siku na saa. Kwenye vyuo vingi mzigo uko Alhamisi hadi Jumamosi, saa nne usiku mpaka saa tisa usiku, na asubuhi ya Jumanne hakuna kitu. Zamu zenye idadi sawa kila siku ni uvivu wa kupanga. Weka zamu ya katikati inayopishana na nyingine mbili siku hizo. Wiki sita za mwanzo wa muhula wa vuli ni nzito kwa ulevi na ukatili wa kingono dhidi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo likizo na kozi zipangwe nje ya wiki hizo.

Nafasi ikiwa wazi, hesabu karibu mwaka. Upekuzi wa historia ya mwombaji, chuo cha polisi cha miezi mitano au sita, halafu wiki 12 hadi 16 akiwa na askari mkufunzi. Anayekuahidi mtu mpya ndani ya miezi mitatu anazungumzia aliyekwisha kufuzu kwingine, na huyo mji utamnyakua kwa mshahara mkubwa.

Mechi na matamasha: saa za ziada zilipwe na akaunti ya idara ya michezo au ya mwandaaji, kwa hati iliyoandikwa, yenye kima cha chini cha saa nne kwa kila askari. Pasipo hati hiyo, msimu wa mpira utakula bajeti ya doria kabla ya Desemba.

KapteniMtarajiwa

Mmenifungua macho kwenye 5.15. Kabla hatujafika kwenye maandamano: ujumbe wa dharura kwenye simu za wanafunzi. Nimekuta utaratibu unaosema sajenti ampigie mkuu wa polisi, mkuu ampigie makamu wa rais, ofisi ya mawasiliano iandike, ndipo utumwe. Ni kawaida?

NjiaPanda

Ni kawaida, na ni hatari. Tarehe 16 Aprili 2007 katika chuo kikuu cha Virginia Tech, risasi za kwanza zilipigwa bwenini mnamo saa 1:15 asubuhi. Barua pepe ya kwanza kwa wanafunzi ilitoka saa 3:26. Dakika chache baadaye mauaji makubwa yakaanza kwenye jengo la madarasa la Norris Hall. Walikufa watu 32, bila kumhesabu muuaji. Kwa karibu saa nzima kabla ya barua pepe hiyo, viongozi walikuwa kwenye kikao wakipima nini cha kusema.

Kisheria kuna vitu viwili, na watu huvichanganya. Tangazo la dharura linahusu hatari iliyopo sasa hivi kwenye kampasi, iwe bunduki, gesi inayovuja au kimbunga, na linatoka mara tukio likithibitishwa. Kuthibitisha maana yake ni kujua kwamba kuna hatari ya kweli. Huna haja ya kujua jina la mtu, idadi ya majeruhi wala sababu. Tahadhari ni ya uhalifu wa aina za Clery ulioripotiwa ambao bado unatishia, kwa mfano msururu wa unyang'anyi karibu na maegesho. Hiyo inaweza kusubiri upate maelezo ya kumsaidia mtu kujikinga, lakini isingoje kesho.

Sajenti wa zamu na mpokea simu wote wawili wawe na mamlaka ya kutuma, kwa maandishi yenye saini ya rais wa chuo. Saini hiyo ndiyo itakayomlinda sajenti siku atakapotuma kwa nia njema kisha ikaonekana hapakuwa na kitu. Ofisi ya mawasiliano ije kwenye ujumbe wa pili na wa tatu.

Violezo viandikwe sasa hivi, kimoja kwa kila hatari, kila kimoja herufi zisizozidi 160 ili simu isiukate ujumbe vipande viwili vinavyofika kwa mpangilio wa kinyume. Vitu vitatu tu: nini, wapi, fanya nini. Mfano: "Polisi wa Chuo: mtu mwenye bunduki karibu na Maktaba Kuu. Kimbia, jifiche au pambana. Usije eneo hilo. Taarifa zaidi zinakuja." Jina la jengo liwe lile wanafunzi wanalotumia. Jina la mfadhili lililoko kwenye hati hakuna anayelijua.

Wanafunzi wasajiliwe wote moja kwa moja, asiyetaka ajitoe. Mfumo wa kujisajili kwa hiari utawafikia wachache. Jaribio angalau mara moja kwa mwaka ni lazima kisheria, lakini fanya kila muhula, na mara moja lifanyike na zamu ya usiku bila wao kujulishwa mapema. Pima muda tangu agizo la redio mpaka simu ya kwanza kulia. Ukizidi dakika tatu, tatizo karibu kila mara ni nywila iliyokwisha muda au kompyuta iliyofungwa.

Jambo ambalo polisi wa mji hawalijui: simu ya mkononi inayopiga 911, namba ya dharura, kutoka kampasi mara nyingi inatua kituo cha mji au kaunti, siyo chumbani kwako. Kaa na mkuu wa kituo hicho, mpange siku ya kupiga simu za majaribio kutoka kila bweni na kila eneo la maegesho, mwandike inatua wapi na inachukua sekunde ngapi kuhamishwa. Mwombe pia orodha ya majengo yako iingizwe kwenye mfumo wao kwa majina ya mtaani.

Na kuhusu simu za uongo za "kuna mtu anapiga risasi maktaba": dalili ni simu moja tu pasipo nyingine yoyote, tena imepigwa namba ya kawaida ya ofisi badala ya 911, na nyuma yake milio ya risasi inayosikika sawasawa kama rekodi. Jengo lenye watu 300 likipigwa risasi, simu zitafurika. Bado unatuma askari, ila sajenti anayejua dalili hizi ataingia kwa tahadhari ya aina nyingine na kidole nje ya kifyatulio.

MlinziWaLango

Nikazie ya NjiaPanda, kisha nijibu la maandamano.

Mfano wa kusomwa ni chuo kikuu cha UC Davis, California, 18 Novemba 2011. Wanafunzi wameketi chini, askari anawapulizia dawa ya pilipili usoni, dunia nzima ikaona. Ripoti ya 2012 ilikuta kopo lile kubwa halikuwa kwenye orodha ya vifaa vilivyoruhusiwa vya idara, na askari hawakuwa wamefunzwa kulitumia. Zaidi ya hapo, uongozi uliamuru mahema ya waandamanaji yaondolewe mchana bila kuweka wazi msingi wa kisheria, na hakuna aliyejua vizuri nani ana neno la mwisho.

Kwa hiyo andikeni mapema. Kuamua kama mkusanyiko unavunja kanuni ya chuo ni kazi ya ofisi ya wanafunzi na mwanasheria wa chuo. Kuamua jinsi ya kuondoa watu, na kama inawezekana usiku huo kwa idadi ya askari mliyonayo, ni kazi yako. Rais anaweza kukuagiza lengo, hawezi kukuchagulia silaha wala saa. Usipolisema hilo kwenye wiki ya kwanza, ukilisema siku ya tukio litaonekana ni uasi.

Wanaokwenda kuzungumza kwanza ni maofisa wa wanafunzi, wenye fulana zinazotambulika. Askari wawe mbali, wasijipange mstari. Mwanasheria akuandikie kifungu kilichovunjwa kabla ya onyo lolote. Onyo lisomwe kwa kipaza sauti mara tatu, kwa nafasi ya dakika kadhaa, likitaja kifungu, njia ya kutokea na muda uliobaki. Weka askari mwenye kamera nyuma kabisa ya umati, arekodi kama sauti inasikika kule. Kesi nyingi hufa mahakamani hapo tu, kwamba waliokamatwa hawakusikia. Kamera za mwilini zote ziwashwe. Watu wa huduma ya kwanza wawepo.

Polisi wa mji wakija kusaidia, wanakuja na kanuni zao za matumizi ya nguvu. Hati ya makubaliano iseme nani ni kamanda, ni vifaa gani haviingii kampasi, na nani anaandika ripoti. Hati hiyohiyo iseme mauaji na ubakaji vinapelelezwa na nani, na mipaka ya doria yako ni mtaa upi. Usiuone mpaka kuwa jambo dogo. Julai 2015 askari wa University of Cincinnati alimsimamisha Samuel DuBose nje ya kampasi kwa kukosa kibao cha mbele cha gari, akampiga risasi akafa. Chuo kikasitisha askari wake kusimamisha magari nje ya kampasi. Sheria ya jimbo inaweza kukupa mamlaka makubwa kuliko unayopaswa kutumia, kwa hiyo weka kanuni ya ndani kuhusu vibao vya namba na taa mbovu nje ya uzio.

DaftariLaMatukio

Nyongeza moja kuhusu mafaili, kwa sababu mkuu wa wanafunzi atakuomba ripoti, nawe utamwomba za kwake. Chini ya FERPA, sheria ya faragha ya kumbukumbu za wanafunzi, kumbukumbu iliyotengenezwa na polisi wa chuo kwa kazi ya polisi na kutunzwa na polisi si kumbukumbu ya masomo, unaweza kuitoa kwa mwendesha mashtaka bila ridhaa ya mwanafunzi. Lakini nakala ya faili la nidhamu ukiletewa wewe haibadiliki kuwa ya polisi kwa kukaa kabatini kwako. Zihifadhi kwenye folda tofauti tangu siku ya kwanza. Zikichanganyika, atakayezitenganisha ni mwanasheria anayelipwa kwa saa.

KapteniMtarajiwa

Nashukuru sana wakuu. Moja la mwisho: siku yenyewe ya makabidhiano, nisisaini nini?

ZamuYaUsiku

Usisaini ghala la vielelezo kabla halijahesabiwa. Mwombe mtu wa idara nyingine awepo. Bunduki, fedha taslimu na dawa za kulevya zihesabiwe zote, kimoja kimoja, bahasha za fedha zifunguliwe mbele ya watu wawili na kufungwa upya kwa lakiri mpya zenye saini zenu. Vingine chukua sampuli, utoke kwenye kompyuta kwenda rafuni, kisha urudi kutoka rafuni kwenda kwenye kompyuta, maana sampuli ya upande mmoja haioni kilichopo rafuni bila kuandikwa. Badilisha kufuli au namba za mlango siku hiyohiyo. Chuoni utakuta pia lundo la simu na baiskeli zilizookotwa zimechanganywa na vielelezo vya kesi. Zitenge, zina utaratibu wake wa kuuzwa au kutolewa.

Omba pia orodha ya funguo kuu za mabweni, nani anayo na tangu lini. Kama hakuna anayeweza kuitoa, andika hivyo kwenye hati ya makabidhiano juu ya saini yako.